Mtu wa Pwani Asiyejua Kuogelea

Sehemu ya maji mafupi ya bwawa tunalojifunzia, kule Nyali, ina kina cha mita 1.2. Mimi nina urefu wa mita 1.63. Hesabu hiyo niliipiga mara nyingi Jumamosi ya kwanza, nikiwa nimeshika ukingo kwa mikono miwili, maji yakinifika kifuani, nikijua kabisa kwamba ili nizame pale ingebidi nikunje magoti kwa makusudi. Na magoti yenyewe yalikuwa yanatetemeka. Mtoto wa kama miaka 6, mwenye miwani ya rangi ya waridi, alipita chini ya mkono wangu kama dagaa, akaibuka, akajifuta pua, akaniuliza: "Anti, mbona umeshika ukuta?"

Nilimwambia napumzika.

Swali lake limenikaa. Mtu mzima mwenye akili zake, anayeendesha nyumba na kazi, ana nini hata akisimama kwenye maji yasiyomfika mabegani ashike ukuta kama anayening'inia ghorofani? Watu husema "uoga tu huo," kana kwamba uoga ni kitu kimoja. Nikilitazama darasa letu la watu sita, naona nyuzi tatu zilizosokotana kama kamba ya jahazi. Mwili unaogopa maji. Moyo unaogopa macho ya watu. Na kila mmoja wetu ameingia bwawani na mambo ya nyumbani kwao, ambayo hayavuliwi pamoja na nguo.

Nianze na haya ya nyumbani, maana hapa Mombasa ndiyo yanayotuaibisha zaidi. Mji wetu ni kisiwa. Ukitaka kutoka lazima uvuke: Daraja la Nyali kwenda kaskazini, Makupa kwenda bara, feri ya Likoni kwenda kusini. Mgeni akisikia umezaliwa Kibokoni, hatua chache kutoka Fort Jesus, anaona kama ulizaliwa na mapezi. Ukimwambia hujui kuogelea anacheka, akidhani unatania. Lakini nani alitufundisha? Wavulana wa mtaani kwetu walijifunza kwa kurukia. Maji yakijaa, wakubwa walijirusha kutoka kwenye kuta za Mji wa Kale, wadogo wakawafuata, na aliyepaliwa alivutwa mkono na kuchekwa. Sisi wasichana tuliwashikia viatu. Tulipofika miaka 9 au 10, hata kurudi nyumbani na pindo la nguo lililolowa lilikuwa jambo la kutolewa maelezo.

Halafu tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ikazama pale Kilindini. Watu 272 walikufa. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka zaidi ukimya wa watu wazima kuliko maneno yao. Mama yangu, ambaye hata kabla ya hapo hakuyapenda maji, alitoa amri moja: bahari ni ya kutazamwa. Simlaumu. Kwenye feri iliyojaa namna ile, kujua kuogelea huenda kusingemwokoa kila mtu. Lakini matokeo yake nyumbani kwetu yalikuwa ya ajabu ukiyafikiria: kwa sababu watu walizama, tukakatazwa kujifunza namna ya kutozama.

Darasani tuna mzee mmoja aliyestaafu bandarini. Alikuwa karani wa mizigo kwa zaidi ya miaka 30, akiona maji kila siku ya kazi, na anasema hakuwahi kuingia yakapita vifundo vya miguu. Kwake yeye aibu ni nzito kuliko yangu. Mwanamke akisema hajui kuogelea watu huguna wakaachia hapo. Mwanamume wa Pwani akisema hivyo anaulizwa kama kweli ni wa Pwani. Kwa hiyo wanaume wengi hawasemi. Wanaingia baharini na wenzao, wanasimama mpaka maji ya kifua, wanarusharusha mikono, na siku moja mchanga chini ya miguu unaisha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 walikufa maji duniani, na takwimu zake zinaonyesha wanaume hufa maji karibu mara mbili ya wanawake. Sababu ni nyingi, kazi za uvuvi zikiwemo. Mimi sishangai nikisikia kujifanya unajua kumo pia.

Sasa mwili. Hapa ndipo nilipokuwa mjinga kabisa, na ndipo maelezo yaliponisaidia kuliko kutiwa moyo. "Usiogope" ni neno lisilofundisha kitu. Nilichohitaji ni kuambiwa maji yanafanya nini.

Maji humsukuma juu mtu kwa nguvu inayolingana na uzito wa maji aliyoyasogeza. Kanuni hii ni ya Archimedes, Mgiriki wa Syracuse, na ina zaidi ya miaka 2,200. Mwili wa mtu una uzito unaokaribiana sana na wa maji ya ujazo uleule, kwa hiyo sisi tuko mpakani, baina ya kuelea na kuzama. Kinachoamua ni hewa ya kifuani. Tofauti kati ya mapafu yaliyojaa na yaliyokamuliwa ni lita 3 hadi 5 kwa mtu mzima wa kawaida, na kila lita ya hewa inakubeba karibu kilo moja. Ukivuta pumzi na kuituliza, umejivalisha boya. Ukipiga kelele kwa hofu, umelitoboa.

Kichwa nacho kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikilala majini, maji yanakibeba. Ukikiinua, na kila mwenye hofu hukiinua kwa sababu anataka pua iwe mbali na maji, uzito wote huo unakosa wa kuubeba, na mwili unalipa kwa kushusha miguu. Miguu ikishuka unahisi unazama. Ukihisi unazama unainua kichwa zaidi. Mwalimu alinionyesha kwa kunisukuma paji la uso taratibu lirudi majini. Miguu ikapanda yenyewe, kama upande wa pili wa pembea. Nilikasirika kidogo. Miaka yote hiyo, kitu kilikuwa chepesi namna hiyo.

Jambo la kupumua ndilo refu, na naomba msomaji anivumilie, kwani naamini wengi wanaoacha darasa wiki ya pili huachia hapa. Mwanagenzi akiambiwa aweke uso majini anafanya nini? Anavuta pumzi kubwa, anafumba kila kitu, anashikilia. Sekunde kumi baadaye kifua kinawaka, anatoka akihema, na anasadiki kwamba hewa ilimwishia. Haikumwishia. Msukumo ule wa kutaka kupumua kwa kawaida hauletwi na upungufu wa oksijeni. Unaletwa na hewa ukaa inayojikusanya kwenye damu. Ukiibana pumzi unaibana na hewa ukaa pamoja, na mwili unapiga kengele mapema. Juu ya hayo, ukitoka ukiwa bado una kifua kilichojaa hewa iliyotumika, huna nafasi ya kuvuta mpya. Unakwapua pumzi fupi juujuu, unarudi chini, na raundi ya tatu umeshalemewa. Unaonekana umechoka kuogelea kumbe umechoka kubana pumzi.

Dawa yake ni mapovu. Uso ukiwa majini unatoa hewa polepole, puani na mdomoni, mfululizo, mpaka unapoinua uso mapafu yanasubiri kujazwa. Mwalimu wetu anasema tuvume kama nyuki. Ukivuma, hewa inatoka puani, na pua inayotoa hewa haiingizi maji. Jambo dogo kabisa. Nilijaribu nikiwa nimekodoa macho ndani ya miwani, nikaona mapovu yangu yakipanda mbele ya vigae vya buluu, makubwa kwanza kisha madogo kama ya soda, nikasikia mvumo wangu mwenyewe masikioni. Nilipoinua uso sikuwa nahema. Ndiyo mara ya kwanza niliuachia ukuta mkono mmoja bila kutambua.

Kwa nini basi sikuanza na hilo tangu siku ya kwanza? Mwalimu alitaka tuanze na hilo. Mimi ndiye niliyekataa, na hapa ndipo ule uzi wa mwili na ule wa macho ya watu unapofungana fundo.

Kupuliza mapovu ni zoezi la watoto. Watu wazima sita wamejipanga ukutani, mmoja ana mvi, mwingine ni mwendesha tuktuk mwenye kifua kama mlango, wote wameinamisha nyuso wanavuma, na kandokando kuna wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki wakisubiri watoto wao. Nilisema moyoni: mimi si wa kuonekana hivi. Nikamwambia mwalimu mapovu nayajua, nataka kujifunza kurusha mikono. Mwalimu, kijana wa umri wa mdogo wangu wa mwisho, hakubishana nami. "Sawa, mama, rusha tuone." Nilirusha. Nilikwenda kama mita mbili, kichwa juu kama bata, nikanywa maji, nikapaliwa, nikakohoa mbele ya viti vyote vya plastiki.

Kosa hili nimeliona likirudiwa na karibu kila anayejiunga. Aibu inamharakisha mtu mzima. Anataka haraka afanane na anayeogelea, kwa hiyo anaruka mazoezi yanayofanana na mchezo, na mazoezi hayo ndiyo yanayoondoa hofu ya mwili. Akiyaruka, hofu inabaki, ikibaki, anatapatapa, akitapatapa, watu wanamtazama kweli, na aibu inapata ushahidi. Mwenye tuktuk yeye hakuwahi kujali. Alipuliza mapovu wiki mbili nzima, anacheka peke yake. Leo anatupita sote. Hana nguvu za ziada. Hakuona haya, basi.

Kuhusu macho yenyewe nimefanya uchunguzi usio wa kisayansi. Wiki ya nne nilikaa nje kwa sababu ya mafua, nikawa mimi ndiye mtazamaji wa kiti cha plastiki. Nilichogundua ni kwamba hakuna anayemtazama mwanagenzi kwa zaidi ya sekunde chache. Wazazi wako kwenye simu. Wenye kuogelea vizuri wanahesabu raundi zao. Mtoto mwenye miwani ya waridi anamtazama kila mtu, lakini yeye anauliza kwa kutaka kujua; akijibiwa anaondoka na jibu lake. Hata hivyo sisemi macho ni ya kuwaza tu. Kuna mabwawa ambako vijana hukaa ukingoni na kutoa maoni juu ya miili ya watu. Ukiangukia mahali kama hapo, tatizo ni la mahali, hama.

Na mavazi. Ndugu zangu wanawake wengi huishia hapa kabla hata ya kuuliza ada. Dera la pamba halifai bwawani, tena si kwa sababu ya sheria za wenye bwawa peke yake: pamba hunywa maji, huwa nzito, hujaa hewa kama mwavuli kisha ikakunasa miguu. Vazi la kitambaa chepesi kisichonywa maji, linalobana mwilini au la kujisitiri toka kichwani hadi miguuni, linaogeleka bila shida. Lile linaloitwa burkini lilibuniwa na Aheda Zanetti huko Australia mwaka 2004, na siku hizi mafundi wa hapa wanaweza kukushonea la namna yake ukiwapelekea kitambaa kinachofaa. Uliza mapema kama bwawa lina saa za wanawake, na kama linakubali vazi lako. Usisubiri kuambiwa mlangoni umeshabeba mkoba. Yalinipata mimi, kwenye bwawa jingine, na nusura niache habari yote.

Kuna jambo ambalo nisingependa lipite kwa wepesi. Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa, na methali hiyo imetufunga macho, kwa sababu tunamtegemea anayezama apige kelele na kurusha mikono. Mara nyingi hapigi. Mdomo ukiwa unazama na kuibuka, pumzi hutangulia sauti, na hakuna nafasi ya kuita. Mikono inabonyeza maji pembeni badala ya kupunga. Mtu anaonekana kasimama wima, kichwa nyuma, macho yamekodoka, kimya, na baada ya muda mfupi tu anakwenda chini. Kwa hiyo mwanagenzi anayeficha hofu yake kwa kutabasamu anajihatarisha. Siku ya kwanza mwambie mwalimu waziwazi: naogopa, sijawahi kuweka uso majini, niliwahi kuzama nikiwa mdogo, chochote kilichopo. Mwalimu anayecheka au anayekusukuma ndani "ili uzoee" hafai, hata kama ana medali ukuta mzima. Kusukumwa kunafundisha mwili kwamba hofu yake ilikuwa sahihi.

Kabla ya kulipa, mimi sasa ningeuliza mambo machache. Je, wanafunzi wa mwanzo wanakaa mahali wanapoweza kusimama kwa muda wote? Mwalimu mmoja ana watu wangapi? Anaingia majini nasi au anapiga filimbi akiwa juu? Kuna mwokoaji mwingine mbali na yeye? Wetu huingia. Jumamosi ya tatu alimlaza mzee wa bandarini chali, vidole viwili tu chini ya kisogo chake. Mzee alikuwa mgumu kama boriti, mikono imeshika hewa, ndevu nyeupe zikielea kabla yake. Mwalimu akamwambia, "Mzee, niambie meli ya kwanza uliyopakua." Mzee akaanza kusimulia, shehena ya ngano, mvua, makuli wangapi, na katikati ya habari vidole vikatoka. Alielea huku akisema. Alipogundua, alizama papo hapo, akaibuka anatukana kwa furaha.

Bwawa lina mwisho wake, na sisi tunaishi na bahari, kwa hiyo swali linalofuata huwa ni lini tutatoka. Kuelea baharini ni rahisi zaidi. Maji ya chumvi ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, na kwa mtu wa kilo 70 hiyo ni nyongeza ya karibu kilo 1.7 ya kubebwa, pungufu kidogo ya pakiti ya unga wa ugali. Lakini bwawa halipwi wala halijai. Hapa kwetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, tofauti inapita mita 3. Pale ulipokuwa umesimama kwa starehe saa nne asubuhi huenda saa sita kichwa hakionekani. Mikondo ya Kilindini na ya Tudor haina mzaha hata na waogeleaji wazuri, na mapengo ya mwamba ambamo maji hutokea yakipwa humvuta mtu kuelekea maji marefu. Kwa mwanagenzi, nenda na mwalimu, ufuoni penye watu, upande wa ndani wa mwamba, ukiwa umeuliza habari za maji kwa wavuvi au kuangalia jedwali, na uogelee sambamba na ufuo, kamwe usielekee nje. Msimu wa Kusi bahari huchafuka. Sioni aibu kungoja Kaskazi.

Nimefika wiki ya kumi na moja. Naelea chali kwa muda wa kusoma Al-Fatiha bila kuharakisha, navuka upana wa bwawa nikipumulia kulia. Nikijaribu kushoto bado nakunywa. Mama yangu nilimwambia mwezi uliopita. Alikaa kimya, kisha akaniuliza kama maji ya bwawa yana baridi. Jumamosi ijayo mwalimu anasema tunavuka kamba, tunaingia upande wa mita 2. Mzee wa bandarini ameshauliza mara mbili kama ukuta wa upande ule nao una mahali pa kushika.